Ilizama, Uliza

Kwenye kadi, chini ya jina langu,
bima wamegonga muhuri wa zambarau:
HASARA KAMILI. MAJI.

Mwaka ule ziwa lilikuwa likipanda kidogo kidogo,
kama mgeni anayesogeza kiti.
Nikaegesha Kibirizi pale pale pa siku zote,
nikalala kwa shemeji. Usiku upepo ukatoka Kongo.
Asubuhi Probox imekaa majini hadi kwenye vioo,
na madumu yangu ya mawese yanaelea, yanaizunguka.

Bima walilipa, kisha wakaniuzia mzoga
kwa bei ya baiskeli mbili.
Fundi Ntahondi akaufungua wote pale Mwanga:
viti juu ya bati, nyaya kwenye kamba kama utumbo wa mbuzi,
kompyuta yake ndani ya gunia la mchele.
Siku arobaini. Akageuza ufunguo.
Akasema, "Imewaka."
Hakusema, "Imepona."

Sasa nipige hesabu.
Namba D kama hii, kavu, milioni tisa.
Toa muhuri. (Muhuri ni shilingi ngapi?)
Toa kioo cha kulia, kikishuka hakipandi.
Toa taa za breki zinazojiwakia zenyewe mvua ikinyesha.
Ongeza matairi mawili mapya.
Ongeza ule usiku ilipompeleka Sharifa Maweni,
tukaenda wawili, tukarudi watatu.
Fundi anatikisa kichwa: hilo halina soko.

Kibwana dalali akaniita pembeni.
"Kaka, kadi ni karatasi. Nina mtu Dar,
inarudi nyeupe kama pamba.
Milioni nane na nusu. Ile nusu ni yangu."
Nikalala nayo siku mbili, sitasema uongo.
Siku ya tatu nikamwona mtu nisiyemjua
akiteremka mlima kutoka Kalinzi, watoto nyuma,
taa zinazima.
Wala si uchamungu. Kigoma ni ndogo:
ningemzika mimi,
halafu ningekula wali wa msiba wake.

Nikachana boksi la sabuni, nikaandika kwa mkaa:
INAUZWA. ILIZAMA. ULIZA.

Wakauliza. Waliuliza kuzama, hawakuuliza bei.
Ilizamaje? Ulikuwa ndani? Samaki je?
Mwalimu mmoja wa Heru Juu akanusa viti vyote vinne,
akainua kapeti, akakuta mchanga kijiko kimoja,
akanishika mkono kama anayetoa pole,
akapanda bodaboda.

Wiki ya tano akaja Bi Gwimo wa Uvinza,
mfanyabiashara wa chumvi, kandambili na pochi ya ngozi.
Boneti hakuifungua. Alipitisha kidole chini ya mlango.
"Kutu itaanzia hapa."
"Ndiyo, mama."
"Ya kwanza ilianzia hapo hapo, nayo haikuwahi kuliona ziwa.
Ya pili vilevile. Chumvi haisomi kadi."
Akataja nne. Nikataja sita.
Akaketi juu ya boneti, akamenya muwa.
Muwa ulipokwisha tulikuwa tano kasoro.

Hati ya mauziano aliiandika mwenyewe, herufi kubwa:
*Muuzaji kasema ilizama. Mnunuzi kasikia.*
Fundi akaweka dole gumba, lenye grisi.
Noti zikahesabiwa mara mbili, mara mbili zikapungua elfu sitini.
Akafungua mlango wa basi la Uvinza,
akanishushia magunia mawili.

Sharifa akayatazama pale ukumbini.
"Gari zima, chumvi?"
Nikamwonyesha na fedha. Akazihesabu.
Akaonja chumvi kwa ncha ya ulimi.
"Hii safi," akasema. Ya gari hakuyagusa tena.

Ni miezi minne sasa.
Majirani wote wana chumvi yangu.
Kibwana hanisalimii.
Na mvua ikianza usiku juu ya bati,
kabla sijakumbuka,
nimeshavaa ndala,
natoka kukifunga kile kioo cha kulia.